Viwavi Kwenye Mijohoro ya Mama Aidan

Jumanne, tarehe 14 Januari 2025. Kulipambazuka na ukungu mzito uliolala juu ya bonde lote, na manyunyu ya aina ile isiyomzuia mtu kwenda shamba wala kumwacha afike akiwa mkavu. Hildegardi Ndunguru alikuwa amemaliza sala ya asubuhi, rozari ikiwa bado mkononi, alipofungua mlango wa nyuma akasikia mvua nyingine ndani ya ile mvua. Ilikuwa mvua ndogo, kavu, iliyogonga majani yaliyoanguka chini ya mijohoro yake. Alinyoosha kiganja. Kilichodondoka hakikuwa tone la maji. Kilikuwa kitu cheusi, kigumu, kidogo kama mbegu ya kitunguu.

Akatazama juu.

Siku hizi akisimulia habari hii hucheka mpaka akashika kiuno, na wanaomsikiliza hucheka naye. Asubuhi ile hakucheka. Mijohoro yote kumi na mmoja ilikuwa inaliwa. Kila jani lilikuwa na mlaji wake, na mengine yalikuwa na walaji watatu: viwavi wa kijani, urefu wa kidole kidogo cha mkono, mstari wa manjano ubavuni na vidoa vyeusi vilivyopangwa kama mshono wa cherehani. Matawi ya juu yalikuwa yamebaki vijiti vitupu. Kile kilichokuwa kikidondoka kilikuwa mavi yao.

"Mungu wangu," alisema Hildegardi, na alikuwa anasali kweli.

Wiki ile, kuanzia Litembo mpaka huku kwao kwenye mteremko wa njia ya ziwani, watu walikuwa na habari moja tu midomoni: viwavijeshi wameingia kwenye mahindi upande wa Litumbandyosi. Madereva wa bodaboda ndio walioileta, na kila aliyeileta aliongeza eka kumi. Mahindi ya Hildegardi yalikuwa yamefika kifuani. Ya shemeji yake Kilian, yaliyoanza hatua nane tu chini ya mijohoro, yalikuwa yameshaanza kutoa mbelewele.

Ile mijohoro ilipandwa na marehemu mume wake, Wilfred, kwa sababu. Mwaka 2016, mvua za mwezi wa tatu ziliteremsha kipande cha mlima juu ya nyumba yao. Udongo ulichukua banda la nguruwe pamoja na nguruwe wake wawili, ukafukia miche thelathini ya kahawa, ukasimama mita chache kutoka ukuta wa chumba walimolala. Mwaka uliofuata Wilfred alipanda mijohoro kwa mstari, akaimwagilia kwa kopo wakati wa kiangazi, na miaka mitatu baadaye akafa kwa ugonjwa wa figo. Miti ilibaki imeshika mlima. Tangu hapo Hildegardi hakuwahi tena kulala akisikiliza udongo.

Kabla hata ya chai, Kilian alikuwa ameshafika. Alikuwa mdogo wake Wilfred, mtu mrefu, mchapakazi, mwenyekiti wa kitongoji, na alipokuwa na wasiwasi alizoea kuvua kofia na kuivaa tena.

"Shemeji, umewaona?"

"Nimewaona."

"Basi hatuna mengi ya kusema." Akavua kofia. "Jumamosi nakuja na watu. Tunakata yote, tunachoma papo hapo, kabla hawajashuka."

"Na mlima, shemeji?"

"Mlima tutaufikiria tukiwa na chakula tumboni." Akavaa kofia.

Nyuma yake alisimama mke wake, Devotha, kanga kichwani, anatazama juu kwenye matawi kama anayehesabu. "Mimi sisemi kitu, Mama Aidan," alisema. "Ila mwezi wa tatu mwaka jana sisi wote tulilaza nyasi kwenye ngolo. Wewe ulilaza majani ya mjohoro. Sisemi kitu."

Hilo lilimchoma Hildegardi kuliko kofia ya Kilian. Ngolo za kwao hujengwa kwa nyasi: unafyeka, unazilaza kwa mistari mpaka zinafanya miraba, unazifukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushikia maji ya mvua. Ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha, nyasi na nyasi tu. Lakini mwaka jana alisikia kwamba majani ya mjohoro yanarutubisha udongo, akapunguza matawi, akayalaza pamoja na nyasi, na maharage yake yalistawi mpaka watu wakauliza. Alijivuna kidogo. Sasa akawaza: je, kama mayai ya viwavi yalikuwa kwenye majani yale? Je, kama amezika balaa kwa mikono yake mwenyewe, na sasa imefufuka na kupanda mitini, na kutoka mitini itawashukia watu wasio na hatia?

Siku mbili alifanya kazi akiwaza hivyo. Alisali, lakini sala ilikwama kila alipofika kwenye maneno "mkate wetu wa kila siku". Mwishowe aliacha sala za vitabuni akasema kwa maneno yake: "Bwana, kama mimi ndiye niliyeleta, nionyeshe. Na kama siye, nionyeshe pia. Ila nionyeshe kwa njia rahisi, maana mimi si mwepesi wa kuelewa."

Alhamisi asubuhi alichukua kopo la siagi, akawatia viwavi thelathini na majani yao, akapanda bodaboda kwenda senta, kwenye duka la pembejeo la mzee Thabiti.

"Tumsifu Yesu Kristo," aliita mlangoni kwa mazoea, kisha akajishika mdomo.

Mzee Thabiti alicheka. Babu yake alitoka Kilwa na mizigo ya chumvi, akafika Mbamba Bay, akaoa, akasahau kurudi. Yeye mwenyewe kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akiuza mbegu, mbolea na dawa kwa Wamatengo. "Hiyo haikuwa yangu, Mama Aidan, lakini nimeipokea. Karibu."

"Shikamoo, mzee Thabiti."

"Marahaba. Sema."

"Nataka dawa ya viwavijeshi. Kali kuliko zote."

"Kali ninayo. Mgonjwa umekuja naye?"

"Mgonjwa gani tena?"

"Mdudu, mama! Daktari gani anatoa dawa bila kumwona mgonjwa?"

Hildegardi aliweka kopo mezani. Mzee Thabiti alivaa miwani, akatandaza gazeti, akamimina viwavi watatu.

"Usiwaweke hapo!" ilisikika sauti ya mke wake, Safina, kutoka chumba cha nyuma. "Hapo nakatia mkate!"

"Ni wageni, Safina, hawakai." Akainama mpaka pua ikakaribia gazeti. "Kiwavijeshi namjua. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyosimama kichwa chini. Wakiwa wengi mgongo wao unakuwa mweusi. Huyu kichwa chake hakina kitu, kitupu kama changu. Umemtoa wapi?"

"Kwenye mijohoro."

"Na mahindi yako umbali gani na mijohoro?"

"Hatua nane."

Mzee Thabiti alivua miwani. "Kiwavijeshi gani huyo, anaacha mahindi hatua nane, anapanda mti mrefu kwenda kula majani machungu? Mama Aidan, hawa tunawajua kwetu ziwani. Uwanja wa shule niliyosoma Mbamba Bay ulikuwa mijohoro mitupu. Miaka mingine inanyolewa kipara na viwavi hawa hawa. Ukikaa siku chache, vipepeo. Weupe wenye ukijani kwa mbali, na majike wengine wa njano. Wanashuka ufukweni kunywa kwenye mchanga uliolowa, wengi, mpaka unaona kama mchanga unapumua. Halafu wanaondoka. Wote upande mmoja, kama watu waliopigiwa simu ya msiba."

"Wanakwenda wapi?"

"Hawajawahi kuniaga."

Hildegardi alisikia kitu kikilegea kifuani, kidogo tu, kama fundo lililovutwa na mtu asiye na uhakika. "Kwa hiyo nisinunue dawa?"

"Ukinunua nitashukuru, Safina anataka bati jipya. Lakini mvua itaiosha, itashuka kwenye kisima chenu, halafu utarudi kuniuliza kwa nini mbuzi wanayumba."

"Kilian hatakubali maneno ya dukani, mzee."

"Basi akubali macho yake. Wafungie viwavi na majani ya mahindi mabichi. Wasipewe kingine. Uwaangalie."

Alirudi nyumbani kabla ya saa saba. Alitafuta ndoo mbili. Ya kwanza alitia majani ya mahindi na kijitawi kimoja cha mjohoro. Ya pili alitia majani ya mahindi peke yake. Kila ndoo aliitia viwavi ishirini kutoka mitini, akaifunika kwa kipande cha chandarua chakavu na kukifunga kwa kamba. Ijumaa nzima hakufungua. Alipita karibu nazo kama mtu anayepita karibu na chumba cha mgonjwa.

Jumamosi Kilian alikuja kweli, na wanaume saba wenye mapanga na mashoka. Mzee Ignatio, mkubwa wa ukoo, alikuja nao akiwa na kigoda chake, ingawa masikio yake hayakuwa yakipata hata nusu ya yanayosemwa. Walikuwa wamechangamka, maana kazi ya pamoja kwao haikosi pombe, na mmoja alishauliza iko wapi.

"Shikamooni wazee," alisema Hildegardi. "Pombe ipo. Ila kabla hamjainua shoka, naomba mtazame ndoo."

"Anasemaje?" aliuliza mzee Ignatio.

"Anasema tutazame ndoo!" mtu alimpigia kelele sikioni.

"Pombe imo kwenye ndoo?"

"Hapana mzee, wadudu!"

"Wadudu sinywi."

Walicheka, hata Kilian, na kicheko kile kilimpa Hildegardi nguvu ya kufungua kamba. Ndoo ya kwanza: kijitawi cha mjohoro kilikuwa kimebaki uti, na viwavi wote wamekigandia. Majani ya mahindi yalikuwa chini, yamenyauka, hayana hata alama moja ya jino.

Kilian alivua kofia. "Hiyo ni kwa sababu wameshiba mjohoro. Mjohoro ukiisha?"

"Ndiyo maana kuna ndoo ya pili."

Ndoo ya pili aliifungua Kilian mwenyewe. Viwavi saba walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa wamelegea, wamejaribu kupanda ukuta wa ndoo wakaanguka. Kilian alitoa majani ya mahindi moja moja, akayageuza, akayainua kwenye mwanga. Mazima. Wanaume walipokezana majani yale kama picha ya harusi.

"Yaani wamekufa na chakula mbele yao," alisema mmoja. "Hawa wanachagua kuliko mgonjwa wa hospitali."

Kilian alirudisha jani la mwisho ndani ya ndoo. Hildegardi alimwona anatazama mahindi yake, mbelewele zimesimama, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mtu huyu hakuwa na hasira kabisa. Alikuwa anaogopa.

"Wiki mbili," alisema Kilian. "Mpaka Jumamosi ya tarehe moja mwezi ujao. Lakini, shemeji, wakishuka kwenye hindi langu, hata mmoja, nitakata na sitakuita kwanza."

"Sawa, shemeji."

Wanaume walikunywa pombe ya kazi ambayo haikufanyika, wakasema ni tamu zaidi, wakaondoka. Hildegardi aliingia ndani, akapiga magoti penye udongo mtupu, akasema, "Bwana, niliomba njia rahisi, umenipa ndoo mbili. Asante." Aliamini shida imekwisha.

Jumatano, tarehe 22, alikuta mijohoro haina viwavi.

Ile mvua kavu ilikuwa imenyamaza. Alizunguka shina hadi shina, akatazama juu, akaona vijiti na anga. Kisha akatazama chini. Walikuwa wanashuka. Mashinani, kwenye nyasi, kwenye ukuta wa jiko lake, kwenye mpini wa jembe, viwavi wanene wa kijani walikuwa wanatembea haraka, kila mmoja peke yake, kama watu waliochelewa misa. Alifuata njia yao hatua moja, mbili, nane. Walikuwa kwenye mahindi ya Kilian. Kwenye mstari wa kwanza peke yake alihesabu kumi na tisa.

Alikaa kwenye tuta la ngolo.

Hapakuwa na mtu. Kilian na Devotha walikuwa wameamkia Mbinga mjini, wangerudi mchana. Ndoo ilikuwa pale pale jikoni. Angeweza kuwaokota wote kabla ya saa sita. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kahawa ilimfundisha. Kilian asingejua. Miti ingepona, mlima ungekaa, na yeye angelala usingizi. Aliinuka, akachukua ndoo, akaokota wawili.

Wa tatu hakukimbia. Alikuwa amejishikiza chini ya jani la hindi na ametulia, na kiunoni amejizungushia uzi mwembamba, mweupe, kama mkanda. Hildegardi alimtazama. Hakujua maana yake ni nini. Alijua jambo moja tu, kwamba alikuwa ameomba aonyeshwe, na sasa alikuwa anaficha kabla hajaona. Alirudisha wale wawili kwenye jani, mmoja mmoja. Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya nyumba ya Kilian kumngoja, rozari mkononi, na kila fumbo lilikuwa la uchungu.

Kilian alipofika, alimwona na akajua.

"Wameshuka," alisema Hildegardi kabla hajaulizwa. "Wako kwenye hindi lako. Wengi. Ningeweza kuwatoa, nikaona nikwambie kwanza."

Devotha aliweka mzigo chini. "Uliwaona, ukaja kukaa hapa kutungoja?"

"Nilikuja."

Kilian alichukua panga nyuma ya mlango, akateremka, na wanawake wawili wakamfuata. Alifika mstari wa kwanza, akapinda jani, akatazama. Akapinda la pili. La tatu. Kila kiwavi alikuwa amening'inia kimya, kichwa juu, uzi kiunoni. Baadhi walikuwa wameshabadilika, ngozi imevuka, wamekuwa vifuko vya kijani vyenye ncha, mfano wa jani changa lililokunjwa. Alimgusa mmoja kwa ncha ya kidole. Kifuko kilitikisika mara moja, kikatulia.

"Hakuna jino," alisema. Akapinda jingine. "Hakuna hata jino moja."

"Wamekuja kulala," alisema Devotha polepole. "Jamani. Wamekuja kulala tu."

Kilian aliketi kwenye ngolo, panga mapajani, akavua kofia na hakuivaa tena. Alipozungumza, alizungumza na mahindi.

"Nilikuwa darasa la kwanza. Viwavijeshi walikuja kama maji. Baba alichimba mfereji kuzunguka shamba, wakaujaza, wengine wakapita juu ya migongo ya wenzao. Ulikuwa unawasikia wanakula. Kaka Wilfred alipelekwa kwa mjomba, kule Liuli ziwani, akala samaki. Mimi nilibaki. Tulikula pumba, tukala na viini vya migomba. Mwezi wa sita tukamzika mdogo wetu." Akafuta uso kwa kofia. "Nikisikia kitu kinatafuna, shemeji, sisikii tena kitu kingine."

Miaka ishirini na tisa ya ndoa, Wilfred hakuwahi kumwambia. Hildegardi aliketi upande wa pili wa shimo la ngolo. Akasali "Raha ya milele uwape, ee Bwana," na Kilian akaitikia, "na mwanga wa milele uwaangazie," na Devotha akamalizia, "wapumzike kwa amani. Amina." Walikaa hivyo mpaka mvua ilipowanyanyua.

Tangu siku ile Kilian alikuja kila asubuhi kuangalia vifuko. Alisema anakagua mahindi. Alipata kimoja alichokipenda, kwenye hindi la pembeni, akakizungushia uzi mwekundu chini yake ili asikipoteze, na Devotha akaanza kukiita mtoto wa mwenyekiti. "Mtoto wako ameamkaje leo?" alimwuliza kila akirudi. Na mijohoro, iliyokuwa vijiti, ilianza kutoa vichipukizi vyekundu kila kifundo, kama ndevu za mtu aliyepona.

Jumamosi, tarehe moja Februari, siku ya mwisho ya zile wiki mbili, hapakuwa na ukungu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Hildegardi alisikia Kilian anapiga kelele.

"Shemeji! Devotha! Njooni, anatoka! Njooni haraka!"

Kifuko chenye uzi mwekundu kilikuwa kimepauka mpaka mbawa zikaonekana ndani yake. Kilipasuka mgongoni. Mdudu aliyetoka alikuwa amelowa, amekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, na Kilian alisema kwa huzuni kwamba ni kilema. Lakini alipanda juu ya ganda lake tupu, akaning'inia, na mbawa zikaanza kushuka zenyewe, polepole, zinajaa, zinanyooka, mpaka zikawa nyeupe zenye ukijani kwa mbali. Wakatazama kushoto, wakatazama kulia. Kwenye kila hindi, kwenye ukuta wa jiko, kwenye kamba ya nguo, walikuwa wananing'inia na kukauka, weupe na wa njano, mamia yao.

Saa nne waliruka. Kwanza walishuka kisimani, mahali ng'ombe walipokanyaga tope, wakakaa wamebanana kunywa, na mtu aliyepita na ndoo aliwainua wote kwa mara moja wakamzunguka kichwa. Kisha wa kwanza akashika njia. Hawakupepea huku na huku kama vipepeo wa maua. Walipita chini chini, moja kwa moja, juu ya kahawa, juu ya paa la Kilian, wakateremka bonde kuelekea kule ambako ziwa lilikuwa linang'aa kama bati jipya. Mkondo ule ulipita mpaka baada ya saa sita. Kilian alisimama katikati yake, mikono imefunguka, na walimpita kushoto na kulia.

"Kwa heri," alisema, kisha akajikohoza aliposikia Devotha anacheka.

"Mama Aidan," Devotha alisema, bado anacheka, "nilisema sisemi kitu, nikasema. Nisamehe. Yale maharage yako kwa kweli yalikuwa mazuri."

"Yalikuwa mazuri sana," alisema Hildegardi, na safari hii alijivuna bila kuogopa.

Saa tisa simu yake ililia. Ilikuwa sauti ya mzee Thabiti, na nyuma yake maji na kelele za watoto. "Mama Aidan! Nimekuja Mbamba Bay kumwona dada yangu. Unajua nini kiko hapa ufukweni? Mchanga unapumua!"

"Ni wa kwangu?"

"Sikuwauliza vijiji vyao. Lakini wanakunywa kama wametoka mbali. Ee! Ee, wanaanza kuondoka... wanaingia juu ya maji, mama. Wanakwenda zao. Mungu ni mkubwa."

"Mungu ni mkubwa," alisema Hildegardi. Alikaa kwenye ngazi, akalia kidogo kwa raha, kisha akaenda kukoka moto.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Walibariki mishumaa, wakaandamana nayo kanisani, na Hildegardi alishika wake kwa mikono miwili, akaimba kwa sauti ambayo majirani wa benchi walisema hawajaisikia tangu msiba. Baada ya misa ukoo ulikusanyika nyumbani kwa mzee Ignatio kwa ajili ya sengu, ile desturi yao ya kula pamoja na kusemezana yaliyo moyoni. Zamani waliketi wanaume tu. Sasa wanawake nao huketi, na wakiwa na neno hulisema. Paliletwa ugali, maharage na dagaa wa ziwani, wakala, wakanawa.

Kilian alisimama. Watu walikuwa kama thelathini, na mzee Ignatio aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nina neno," alisema Kilian. "Mlinipa uenyekiti, nikawaita mje na mashoka kukata kitu ambacho sikukijua. Aliyenizuia ni shemeji yangu. Na viwavi waliposhuka shambani kwangu, ambapo angeweza kuwaficha, alikuja akaniambia kwa mdomo wake. Mimi ningekuwa yeye, ningewaficha."

"Anasemaje?" aliuliza mzee Ignatio.

"Anasema amekosa!" alipaza sauti Devotha.

"Hilo nimelisikia. Nataka alirudie."

Walicheka, na Kilian alicheka, na akangoja mpaka wanyamaze. Hildegardi alimtazama mikono: kofia ilikuwa imetulia kwenye vidole.

"Nyumba yangu nayo iko chini ya mlima," Kilian aliendelea, "na juu yake hakuna hata mti mmoja. Nimeishi miaka minane kwa kuegemea miti ya kaka yangu, halafu nikataka kuikata. Basi sikilizeni nyote, na wewe mama mzazi wa watoto wa marehemu, sikiliza. Mimi, Kilian Ndunguru, naahidi mbele ya Mungu na mbele ya sengu hii: mijohoro ile kumi na mmoja haitaguswa na panga langu, wala na panga la mtu nitakayemtuma, siku zote za uhai wangu. Na kabla mvua hizi hazijakatika, nitakuwa nimepanda ya kwangu."